Sangara wa Aswan: Somo juu ya Uvuvi wa Mchezo

Sangara ni samaki tunayemjua sokoni. Twamwona amekatwa vipande juu ya meza, au amekaangwa, au amebebwa barafuni kwenda kiwandani. Ndugu zetu wa Kenya humwita mbuta, na wa Uganda humwita mputa. Kwetu sisi ni kitoweo na biashara, basi.

Lakini kuna mahali katika Afrika ambapo watu hupanda ndege kutoka Ulaya, wakalipa fedha nyingi, wakakaa juma zima juani ili wamvue sangara mmoja mkubwa. Na wakimpata humpiga picha, humpima, kisha humrudisha majini akaenda zake. Msomaji atauliza: Je, watu hawa wana akili timamu? Somo letu litajaribu kujibu swali hilo. Mahali penyewe ni Ziwa Nasser, nyuma ya boma kubwa la Aswan, nchini Misri.

1. BOMA NA ZIWA JIPYA

Mto Nile una urefu wa kilomita zipatazo 6,650. Tawi lake moja hutoka katika Ziwa Victoria, huko Jinja. Tawi la pili, Nile ya Buluu, hutoka katika milima ya Ethiopia. Nayo hukutana Khartoum. Kila mwaka mvua za Ethiopia zilileta mafuriko Misri. Mwaka wa maji mengi watu waligharikishwa, na mwaka wa maji machache waliona njaa.

Kwa sababu hiyo Serikali ya Misri ilianza kujenga Boma la Juu la Aswan mwezi wa Januari 1960. Mwaka 1964 mkondo wa mto ulipindishwa, na maji yakaanza kukusanyika. Kazi ilimalizika mwaka 1970, na boma likafunguliwa rasmi Januari 1971. Kimo chake ni mita 111, na urefu wake wapita kilomita tatu na nusu. Ndani yake mna mashine 12 za kufanyizia umeme.

Nyuma ya boma hilo lilizaliwa ziwa lenye urefu wa kilomita kama 500. Sehemu ya kaskazini iko Misri, nayo huitwa Ziwa Nasser, kwa jina la Rais Gamal Abdel Nasser. Sehemu ya kusini iko Sudan, nayo huitwa Ziwa Nubia. Ziwa lenyewe halikunyoka kama mto. Maji yaliingia katika kila bonde la jangwa na kufanya hori nyingi, ambazo Waarabu huziita khor. Vilima vya zamani vikawa visiwa, na vingine vikabaki chini ya maji kama miamba iliyofichika. Mahali pa namna hiyo ndipo sangara apendapo kuvizia.

Yafaa tukumbuke kwamba ziwa hili halikupatikana bure. Wanubi wapatao laki moja, wa Misri na wa Sudan, walihamishwa kutoka vijiji vyao, na makaburi ya wazee wao yakafunikwa na maji. Hekalu za kale za Abu Simbel zilikatwa vipande na kujengwa tena juu zaidi, kati ya mwaka 1964 na 1968. Mawe yaliweza kukatwa na kupangwa upya, lakini kijiji kilichozama hakikuweza kurudishwa. Kwa hiyo mtu avuaye kwa furaha juu ya ziwa hilo anavua juu ya mashamba ya watu.

2. KWA NINI SAMAKI WALIONGEZEKA

Maji ya mto yanapofunika nchi kavu kwa mara ya kwanza, hufunika majani, mizizi, samadi na udongo wenye rutuba. Vitu hivyo huoza, na chakula chake huingia majini. Vimelea vya kijani, vidogo visivyoonekana kwa macho, huongezeka. Samaki kama sato hula vimelea hivyo na kuzaa sana katika maji ya kina kifupi. Na samaki mla samaki hupata karamu. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya bwawa jipya aghalabu huwa miaka ya neema.

Ndivyo ilivyokuwa Aswan. Samaki waliovuliwa na wavuvi wa nyavu waliongezeka mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1981 wakafika tani zipatazo 34,000. Baadaye kiasi hicho kilipungua. Samaki wengi katika hao walikuwa sato na jamaa zake. Samaki wengine wa mtoni, waliozoea maji yaendayo kwa kasi, hawakupenda maji yaliyosimama. Baadhi yao walipungua sana ziwani. Lakini sangara hakudhurika. Mayai yake huelea katika maji, hayahitaji mkondo wala changarawe, na chakula chake kilikuwa tele.

3. SANGARA NI SAMAKI WA NAMNA GANI

Sangara ni mwenyeji wa Nile tangu zamani za kale. Mji wa Esna, ulio kusini ya Luxor, uliitwa na Wagiriki Latopolis, yaani mji wa samaki lates. Na hata leo wataalamu wa sayansi humwita sangara kwa jina hilo, Lates niloticus. Watu wa mji huo walimheshimu hata wakamhifadhi maiti kama walivyowahifadhi wafalme wao.

Aweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Mwili wake hung'aa kama fedha, na macho yake huwaka usiku yakimulikwa. Meno yake ni madogo, mengi, na ya kukwaruza kama tupa. Hatafuni, bali hufungua kinywa kwa ghafula na maji yakaingia pamoja na samaki. Hula samaki wenziwe, na hata watoto wa kabila lake mwenyewe.

Mambo mawili ni muhimu sana katika somo letu. La kwanza, majike huwa wakubwa kuliko madume. La pili, jike kubwa hutoa mayai mamilioni, mengi mno kuliko jike dogo. Basi sangara mkubwa kupita wote karibu kila mara ni mama, na mama mwenye miaka mingi.

4. VYOMBO NA HESABU YAKE

Mvuvi wa mchezo hatumii wavu. Ana ufito wa kuvulia wenye nguvu na unyumbufu, kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi wa nailoni au wa nyuzi zilizosukwa, na chambo. Chambo chake mara nyingi ni samaki wa bandia wa mti au plastiki, mwenye ulimi mbele unaomfanya apige mbizi na kutikisika anapovutwa.

Sasa tujiulize: yawezekanaje mshipi unaokatika kwa kilo 25 kumtoa samaki wa kilo 60? Majibu ni mawili.

Kwanza, kwa kanuni ya Archimedes, samaki akiwa majini karibu hana uzito, kwa kuwa maji humbeba. Mvuvi hainui kilo 60. Anashindana na nguvu ya mkia tu.

Pili, kigurudumu kina breki. Breki huwekwa ili mshipi uanze kutoka kabla haujakaribia kukatika, yaani kwa nguvu kama robo au theluthi ya uwezo wake. Tuseme imewekwa kwenye kilo 7. Nguvu hiyo ni kama niutoni 70. Sangara akikimbia mita 80, kazi aliyoifanya ni 70 × 80, yaani jouli 5,600. Hiyo ni sawa na kupandisha gunia la kilo 56 juu ya mnara wa mita 10. Akikimbia hivyo mara nne au tano, lazima achoke. Mvuvi hakumshinda kwa mabavu. Amemwacha ajichoshe mwenyewe. Anayekaza breki kwa pupa hubaki na mshipi mtupu mkononi. Haraka haraka haina baraka.

5. NAMNA YA KUVUA

Uvuvi wa mchezo katika Ziwa Nasser ulianza kuwa kazi ya safari za watalii katika miaka ya 1990. Wageni hulala katika mashua kubwa yenye jiko na chakula, na mchana hutoka kwa mashua ndogo. Njia kubwa ni mbili.

Njia ya kwanza ni kukokota. Mashua huenda polepole kandokando ya kilima kilichozama, na samaki wa bandia hufuata nyuma yake ndani sana. Nahodha hapana budi azijue hori na vilima vilivyo chini ya maji, kwa maana chambo kilichopita mahali patupu ni kazi bure.

Njia ya pili ni kuvua ukiwa pwani. Mvuvi hutembea juu ya miamba, hurusha chambo karibu na vina vya ghafula, na kukivuta pole pole. Sangara huja ukingoni kuwavizia sato. Njia hii yataka subira, viatu vizuri, maji ya kunywa, na macho mawili wazi. Kwa sababu katika ziwa hilo mna mamba wakubwa, na mtu hasimami majini bila kufikiri.

Mwezi Desemba 2000, katika ziwa hili, alivuliwa kwa mshipi sangara wa ratili 230, yaani kilo 104 na zaidi. Aliandikwa katika orodha ya kimataifa ya uvuvi wa mchezo kuwa mkubwa kupita wote wa kabila lake waliowahi kuandikwa humo.

6. KWA NINI HURUDISHWA MAJINI

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Ziwani mna wavuvi wengine pia: Wamisri ambao hukaa kambini ufukoni kwa miezi, wakivua kwa nyavu ili walishe jamaa zao. Sato hupelekwa Aswan akiwa mbichi. Samaki wadogo wengine hutiwa chumvi. Uvuvi huo ni riziki, wala si haki ya mtu aliyeshiba kuulaumu.

Lakini mvuvi wa mchezo hakuja kwa ajili ya chakula. Alichonunua kwa fedha yake ni kule kumpata sangara mkubwa. Sangara wa kilo 60 aliyeuawa leo amefurahisha mtu mmoja, mara moja. Akirudishwa, aweza kuzaa tena, na aweza kuvuliwa tena na mgeni mwingine, ambaye naye atalipa nahodha, mpishi na baharia. Zaidi ya hayo, samaki mkubwa hatengenezwi kwa msimu mmoja. Umemchukua miaka mingi kufikia ukubwa ule. Wakitolewa upesi kuliko wanavyokua, watabaki wadogo tu, ijapokuwa maji yamejaa.

Kumrudisha, hata hivyo, si kumtupa. Samaki aliyerudishwa ovyo hufa baadaye, mahali ambapo mvuvi hamwoni. Wavuvi wazuri hufuata kanuni hizi:

(a) Hubana kwa koleo kijino cha nyuma cha ndoana, ili ndoana itoke upesi bila kurarua.

(b) Hawamchoshi kupita kiasi. Samaki aliyechoka ahitaji oksijeni nyingi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Lita moja ya maji safi yenye joto la digrii 15 yaweza kubeba kama miligramu 10 za oksijeni. Yakiwa digrii 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Kwa hiyo wakati wa joto hatari huzidi.

(c) Humlinda na kina. Samaki huyu ana kibofu cha hewa, kile ambacho wachuuzi wetu wa ziwani hukiuza ghali kwa jina la bondo. Akivutwa kwa haraka kutoka chini sana, hewa iliyo ndani hutanuka kwa kuwa uzito wa maji umepungua, na kibofu humwumiza, hata akashindwa kuzama tena.

(d) Humshika kwa mikono iliyolowa, kwa sababu utelezi wa ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya magonjwa. Hawamtundiki kwa taya, maana nje ya maji uzito wote wa mwili huvuta mifupa na matumbo yake.

(e) Humshika wima majini, kichwa mbele, mpaka mwenyewe apige mkia na kuondoka.

Na uzito wake utajulikanaje bila mizani? Kwa utepe wa kupimia. Pima urefu kwa sentimita, kisha pima mzingo wa kifua. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 29,000. Jibu ni kilo kwa makadirio. Mathalani, samaki wa urefu wa sentimita 140 na mzingo wa 90: 90 × 90 × 140 = 1,134,000; ukigawanya kwa 29,000 wapata kilo 39. Hesabu ya darasani imeokoa uhai wa samaki.

7. SAMAKI YULE YULE KATIKA ZIWA LETU

Sangara wa Aswan ni mwenyeji wa mto ule. Je, sangara wa Ziwa Victoria ni mwenyeji? La. Zamani hakuwamo kabisa. Maporomoko ya Murchison yaliyo katika Uganda yalikuwa kama ukuta. Sangara aliishi chini yake na katika Ziwa Albert, asiweze kupanda. Mwanadamu ndiye aliyembeba. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alitiwa katika Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria. Waliotaka jambo hilo walisema kwamba furu, wale samaki wadogo wenye miiba, hawana thamani. Afadhali waliwe na samaki mkubwa mwenye mnofu. Na wapenzi wa uvuvi wa mchezo walikuwa miongoni mwa walioliunga mkono.

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, wenyeji wengi hawakupona. Katika miaka ya 1980 sangara walienea ziwa zima, na wataalamu wakakadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka, ingawa uchafu ulioingia ziwani nao ulisaidia uharibifu huo. Aina hizo zilikuwa hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Baadhi yao walikuwa wakila vimelea vya kijani na kuyasafisha maji.

Tusiseme uongo: sangara alileta pia viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni kwa nchi zetu tatu. Wazazi wengi wamelipa karo kwa fedha ya sangara. Walakini faida hiyo ilinunuliwa kwa bei ambayo hakuna mtu aliyeulizwa kama anakubali kuilipa. Na furu aliyetoweka harudi hata zikitolewa fedha za dunia nzima.

8. TULIYOJIFUNZA

Basi tumlinganishe samaki mmoja katika maji mawili. Kule Aswan, katika mto wake, amekua pamoja na majirani zake kwa maelfu ya miaka. Wao wanajua kumkimbia, naye ni hazina inayostahili kutunzwa na kurudishwa majini. Katika Ziwa Victoria aliwekwa kwa mkono wa watu, na waliokuwamo hawakuwa na ulinzi. Samaki hakubadilika tabia. Kilichobadilika ni mahali.

Nchi zetu sasa zina mabwawa makubwa: Nyumba ya Mungu katika mto Pangani, Mtera katika Ruaha Mkuu, Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, na Masinga katika mto Tana huko Kenya. Kila mto una samaki wake. Huenda siku moja baadhi yetu tukawa mabwana samaki, au wenye mashua za watalii, na mtu atakuja na ndoo na kusema, "Tutie humu samaki mkubwa, wageni wapate mchezo." Siku hiyo na tumwonyeshe kwanza samaki wakubwa waliomo tayari katika mto huo, na namna ya kuwavua na kuwarudisha wazima. Ndoo ni nyepesi kuibeba, na samaki waliomo ni wachache. Lakini wakishamiminwa ziwani, hakuna wavu utakaowatoa wote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini samaki huongezeka sana katika miaka ya kwanza ya bwawa jipya?
2. Mshipi umewekewa breki ya niutoni 50, na samaki amekimbia mita 120. Amefanya kazi jouli ngapi?
3. Samaki ana urefu wa sentimita 116 na mzingo wa sentimita 75. Kadiria uzito wake.
4. Eleza kwa nini sangara arudishwaye wakati wa joto yumo katika hatari zaidi.
5. Uliza wazee wa kwenu majina ya samaki wa mto au bwawa la karibu. Andika ni wepi wenyeji, na ni wepi walioletwa.